Mpangaji kahama na kodi yako: mmalizane mtaani, aandikiwe na wakili, ashtakiwe Mahakama ya Mwanzo au apewe wakala?

Mwenye nyumba wa Mabatini au Nyakato, Mwanza, ambaye mpangaji wake ameondoka na deni la miezi mitatu hupewa ushauri wa aina nne kabla jua halijazama. Malizaneni kwa mwenyekiti wa mtaa. Tafuta wakili amwandikie barua. Mfungulie shauri Mahakama ya Mwanzo. Mpe mtu anayejua kukusanya madeni, mgawane. Kila anayeshauri ana mfano wa mtu aliyelipwa kwa njia yake, na hakuna anayedanganya: njia hizi zinafanya kazi kwa wadaiwa wa aina tofauti.

Hapa tunazungumzia mpangaji aliyekwisha kuhama tu. Aliye bado ndani ana utaratibu wake wa notisi na kurudisha nyumba, na shauri lake kwa kawaida huangukia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Vigezo vya kuchagulia

Wengi huanza na ukubwa wa deni. Ni kigezo cha kweli, ila hakitoshi. Deni la 300,000 kwa mwalimu wa shule ya serikali linakusanyika kwa urahisi kuliko deni la milioni 2 kwa mtu ambaye hata jina lake kamili hulijui. Kabla ya kuangalia kiasi, jibu maswali matatu.

Una karatasi gani? Mkataba uliosainiwa, stakabadhi za miezi aliyolipa, taarifa ya miamala ya M-Pesa au benki, na ujumbe wa simu ambamo mwenyewe anaandika "nivumilie mwisho wa mwezi". Ujumbe huo una uzito: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Usiufute, wala usibadilishe simu kabla ya kuuhifadhi pamoja na namba na tarehe zake.

Mdaiwa ana nini kinachoshikika? Mshahara, fremu yenye bidhaa, akaunti ya benki, mdhamini mwenye kazi. Pikipiki inahesabika kama kadi ina jina lake. Bodaboda wengi wanaendesha chombo cha tajiri kwa mkataba, na chombo cha mtu mwingine hakilipi deni lako.

Je, unajua alipo? Aliyehama Buzuruga akaenda Igoma hajapotea. Aliyehamia Geita anafikika, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 safari hiyo haisubiri kivuko tena, lakini nauli na siku yako ya kazi ni gharama. Aliyekwenda kuvua kisiwani na akabadilisha laini ya simu ni suala jingine kabisa.

Baada ya hayo ndipo uweke gharama na muda. Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo hayohayo: inavyokwenda, gharama, muda, inapokwama na anayefaa kuitumia.

Kwanza piga hesabu ya deni lenyewe

Njia zote nne hudhoofika kwa sababu moja ya kijinga: mwenye nyumba anadai kiasi asichoweza kukieleza. Chukua mfano wa chumba na sebule kwa 120,000 kwa mwezi. Mpangaji hakulipa miezi mitatu, akakaa siku 10 za mwezi wa nne, kisha akahama. Miezi mitatu ni 360,000. Siku kumi ni 120,000 gawa kwa 30 mara 10, yaani 40,000. Aliacha bili ya maji ya MWAUWASA 27,500. Jumla 427,500.

Sasa toa vya kwake. Kama uliwahi kupokea dipoziti ya 50,000 na hakuharibu kitu, ni yake. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni mzigo wa mwenye nyumba, hata kama aliyenunua umeme ni mpangaji. Kwa miezi 14 ya 1,500 hiyo ni 21,000. Deni halisi ni 356,500. Ukidai 427,500 na yeye akaleta risiti za LUKU, utaonekana mtu asiyejua hesabu yake, na hakimu au mwenyekiti ataanza kutilia shaka hata ile miezi mitatu.

Usiongeze riba wala faini ya kuchelewa kama haimo kwenye mkataba. Na kama unadai uharibifu (kitasa, kioo, sinki), weka picha na risiti ya fundi, ukiutenganisha na kodi.

Njia ya kwanza: kumalizana kwa maandishi mbele ya serikali ya mtaa

*Inavyokwenda.* Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anamwita mdaiwa, mnakaa, anakubali, mnaandika. Kama amehamia mtaa mwingine, anza na mwenyekiti wa huko anakoishi sasa; wa kwako hana namna ya kumfikisha. Nenda na mtu mnayeheshimiana wote wawili: mzee wa msikiti au kanisa, au balozi wa zamani aliyewajua mkiwa nyumba moja.

Thamani ya kikao ni karatasi inayotoka humo. Iandikwe kuwa hati ya kukiri deni, isiwe barua ya "tumeelewana". Iwe na majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA pamoja na namba. Nyumba aliyokaa na miezi anayodaiwa. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe na kiasi cha kila awamu. Namba moja tu ya kulipia na jina litakalotokea. Sharti kwamba akikosa awamu moja kwa zaidi ya siku saba, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Jina na sahihi ya mdhamini kama yupo. Mashahidi wawili, mmoja wa upande wake. Na mhuri wa ofisi ya mtaa. Nakala tatu, kila ukurasa usainiwe.

Hati hiyo ina faida ambayo wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Ukomo, dai la malimbikizo ya kodi ya pango lina miaka 6. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda huo haujaisha, miaka inaanza kuhesabiwa upya.

Ratiba ya malipo ifuate mfuko wa mdaiwa, isifuate kalenda ya mwenye nyumba. Mwajiriwa alipe siku mbili baada ya mshahara. Mwanafunzi wa SAUT aliyekuwa amepanga Malimbe au Nyegezi analipa bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiingia, kwa hiyo mpangie awamu chache kubwa. Ukimwambia kila mwezi atakukosea mwezi wa pili tu. Anayeishi kwa dagaa hupata fedha kwenye giza, kwa kuwa taa za kuvutia dagaa hazifanyi kazi vizuri usiku wa mbalamwezi. Ukimwekea tarehe 30 bila kuangalia mwezi ulipo angani, mara nyingine itaangukia katikati ya siku ambazo mitumbwi imelala. Mwandikie "ndani ya siku tano baada ya giza kwisha". Mama lishe atakulipa 10,000 kila Jumatatu kwa urahisi kuliko 40,000 kwa mkupuo.

*Gharama.* Karibu hakuna. Nauli, nakala, na chochote ambacho ofisi ya mtaa inatoza kihalali kwa stakabadhi.

*Muda.* Wiki moja au mbili kupata sahihi, kisha miezi mitatu hadi sita ya kulipwa. Ratiba ya mwaka mzima haifai. Watu wanahama tena, na namba za simu hubadilika.

*Inapokwama.* Mwenyekiti hana mamlaka ya kukamata mali wala kumlazimisha mtu alipe. Mdaiwa anayelijua hilo atasaini kwa tabasamu na kutoweka. Hati nayo huharibika ikisainiwa kwa vitisho: ukimpeleka kituoni, akaandika akiwa amezuiliwa, atakuja kusema hakusaini kwa hiari, na makubaliano yasiyo ya hiari yanaweza kutenguliwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye deni dogo au la kati, mdaiwa bado anapokea simu, na hasa mwenye nyumba ambaye hakuwa na mkataba wa maandishi. Huyo wa mwisho asiikimbie njia hii hata kama anapanga kwenda mahakamani baadaye, maana hapa ndipo anapotengeneza ushahidi ambao hakuwa nao.

Njia ya pili: barua ya madai, yako au ya wakili

*Inavyokwenda.* Barua inaeleza deni limetokana na nini, hesabu yake, siku za kulipa (14 ni kawaida, 7 ni chache kwa anayetegemea mshahara), namba ya kulipia, na hatua itakayofuata. Si lazima iandikwe na wakili. Yako mwenyewe ina uzito uleule kama ushahidi kwamba ulidai kabla ya kushtaki. Tofauti iko kwa anayeipokea: karatasi yenye mhuri wa wakili inamwambia kwamba umeshatumia fedha, kwa hiyo hutanii.

Kufikisha barua ndiyo kazi yenyewe. Mkabidhi mkononi asaini kwenye nakala au kwenye daftari la kupokelea barua. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike tarehe, saa, mahali na aliyekuwepo. Tuma picha yake pia kwa WhatsApp kwenye namba ambayo mlikuwa mkiwasiliana, au itume kwa EMS ya Posta kama yuko mkoa mwingine, na utunze stakabadhi.

*Gharama.* Ya kwako ni karatasi na nauli. Ya wakili ni mapatano. Uliza bei ya barua peke yake na bei ya kuendelea hadi shauri, na zote ziandikwe. Kwa deni la 150,000, barua ya wakili inaweza kumeza sehemu kubwa ya deni lenyewe.

*Muda.* Siku zilizoandikwa, pamoja na wiki moja ya simu za "nipe nafasi".

*Inapokwama.* Kwa mtu asiye na cha kupoteza. Aliyewahi kupokea barua mbili za namna hiyo na hazikufuatiwa na kitu, ya tatu anafungia maandazi. Pia barua hujiharibu yenyewe ikitishia jela: deni la kodi ni madai, si jinai, na mdaiwa akienda kwa wakili wake ataambiwa hivyo dakika ya kwanza. Kosa jingine ni kunakili barua kwa mwajiri wake ili kumwaibisha. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara wa mtu kwa ombi lako tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi, au iwe imeagizwa na sheria au mahakama. Ukitaka makato ya mshahara kwa hiari, yaombe kwenye hati ya kukiri deni, akiwa amesaini mwenyewe.

*Inamfaa nani.* Mdaiwa mwenye jina la kulinda: mtumishi, mfanyabiashara wa fremu aliyehama Kirumba kwenda fremu nyingine, kampuni, taasisi. Kwa kampuni na taasisi, barua mara nyingi ndiyo inayofungua mlango wa mhasibu, kwa sababu bila karatasi hana cha kuambatisha kwenye malipo.

Njia ya tatu: Mahakama ya Mwanzo

Hii ndiyo njia inayoogopwa kupita inavyostahili mwanzoni, na kuaminiwa kupita inavyostahili mwishoni. Kufungua shauri si kugumu. Kupata fedha baada ya hukumu ndiko kunakochosha watu.

*Inavyokwenda.* Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi milioni 30. Unafungua pale mdaiwa anapoishi au pale deni lilipotokea, kwa hiyo aliyekuwa mpangaji wako Ilemela anaweza kushtakiwa huko hata kama sasa yuko Magu. Unaeleza dai kwa karani, unapewa namba ya malipo ya ada, samansi inatolewa, mdaiwa anaitwa kujibu. Akikana, mnaleta mashahidi na vielelezo. Akikubali, hakimu anaweza kuandika makubaliano yenu yawe amri ya mahakama, ambayo ni bora kuliko ya mtaa kwa sababu inakaziwa, yaani mahakama inaweza kuitekeleza kwa nguvu. Akifikishiwa samansi na asije, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Unaweza kujisimamia mwenyewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 mawakili nao wanaruhusiwa pale Mahakama ya Mwanzo inapoongozwa na hakimu mkazi, lakini kwa deni la laki tatu au nne hesabu ya wakili haikubali.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha mambo manne, maana hapa ndipo mashauri mengi ya kodi yanapoangukia.

La kwanza ni nani anadai. Kodi ya nyumba ya marehemu baba haidaiwi na mtoto mkubwa kwa kuwa tu ndiye anayeikusanya. Anayedai mahakamani ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Aliyenunua nyumba yenye mpangaji naye aonyeshe hati ya mauziano. Ndugu anayemsimamia mwenye nyumba aliye Dar es Salaam awe na hati ya uwakilishi.

La pili ni nani anadaiwa. "Neema Shop" ni jina la biashara, haliwezi kulipa. Shtaki mtu anayemiliki biashara hiyo. Kama mkataba ulisainiwa na kampuni, shtaki kampuni kwa jina lake kama lilivyo BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), usimshtaki meneja aliyekuwa anakuletea hela.

La tatu ni mkataba wenyewe. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa kielelezo. Unaweza kuulipia baadaye pamoja na adhabu, kwa hiyo fanya hivyo kabla hujafika mbele ya hakimu, usisubiri mdaiwa ainue mkono.

La nne ni mamlaka. Migogoro ya ardhi haiendi Mahakama ya Mwanzo. Ukichanganya dai la kodi na madai ya nyumba yenyewe, au kukawa na ubishi kuhusu nani mwenye haki ya nyumba, umeingia eneo la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai lako liwe la fedha pekee: alipanga, alihama, anadaiwa kiasi hiki. Hata hivyo pingamizi linaweza kuja kwamba kodi ya pango ni suala la ardhi, na shauri likasimama kwanza. Muulize karani au msaidizi wa kisheria kabla ya kufungua. Kama ni lazima uende Barazani, jua kwamba Baraza la Kata haliamui tena tangu 2021. Linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaendelea mbele.

*Gharama.* Ada ya kufungua, gharama ya kufikisha samansi, nakala, na siku zako. Siku ndizo ghali. Mwenye duka sokoni anayefunga kutwa nzima mara nne au tano amelipa zaidi ya ada. Ukishinda unaweza kuomba gharama, kwa hiyo tunza kila risiti.

*Muda.* Miezi kadhaa kama mdaiwa anapatikana. Asipopatikana, samansi inazunguka na shauri linaahirishwa. Mpe mpeleka samansi maelezo ya kweli: si "anaishi Mkolani", bali nyumba ya nani, karibu na nini, anatoka saa ngapi.

*Inapokwama.* Kwenye kukazia hukumu. Hukumu haikusanyi fedha yenyewe. Mdaiwa asipolipa, unarudi na maombi ya utekelezaji, na ni wewe unayetakiwa kuonyesha mali: akaunti ya benki gani, mwajiri yupi, friza ipi, gari lenye namba gani. Dalali wa mahakama anakamata kilichoonyeshwa. Sheria inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi, kwa hiyo usitegemee cherehani ya fundi nguo. Kifungo cha madai (mdaiwa kuzuiliwa kwa amri ya mahakama baada ya hukumu, si adhabu ya jinai) kipo kwenye sheria, lakini mdai hugharamia posho ya mfungwa, na asiye na kitu hatoki na kitu.

*Inamfaa nani.* Mwenye ushahidi wa maandishi, deni la kutosha kubeba siku zilizopotea, na mdaiwa mwenye kitu kinachojulikana kilipo. Bila hicho cha tatu, unanunua karatasi nzuri.

Njia ya nne: wakala wa kukusanya madeni

*Inavyokwenda.* Unamkabidhi mtu au kampuni kazi ya kumfuatilia mdaiwa, wakigawana nawe kinachopatikana. Wakala mzuri anajua kutafuta watu: anaulizia soko la samaki la Mwaloni, stendi ya Nyegezi, kwa fundi simu aliyemsajilia laini. Hilo peke yake ni thamani kubwa kama hujui mdaiwa alipo.

Mpe barua ya idhini yenye mipaka. Iseme deni ni kiasi gani, kamisheni ni asilimia ngapi na ya nini (ya kilichokusanywa, isiwe ya deni lote), mwisho wa idhini, na kwamba mdaiwa analipa kwenye namba au akaunti yako. Sharti hilo la mwisho likikosekana, utasikia kwamba mdaiwa alishalipa na wewe hukuona senti.

*Gharama.* Hakuna cha kulipa mwanzo kwa wakala wa asilimia. Kwa deni la 356,500 na kamisheni ya, tuseme, asilimia 20, unabaki na 285,200. Anayetaka "hela ya mafuta" mbele kila wiki anakula mtaji wako kabla hajafanya kazi.

*Muda.* Akimpata mdaiwa, siku chache. Asipompata ndani ya miezi miwili, funga idhini.

*Inapokwama.* Anapotumia nguvu. Akichukua televisheni ya mdaiwa bila amri ya mahakama, akavunja mlango au akatishia, malalamiko yatakutaja wewe uliyemtuma. Angalia kwanza usajili wake BRELA, leseni ya biashara na TIN. Dalali wa mahakama ana mamlaka anapotekeleza amri ya mahakama tu. Kitambulisho chake hakimpi ruhusa ya kukamata mali kwa barua yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba aliye mbali na Mwanza, mwenye vyumba vingi na wadaiwa kadhaa, au ambaye mdaiwa wake amepotea lakini inajulikana ana kipato.

Njia za mkato zinazogeuka kesi

Kubandika picha ya mpangaji kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "tapeli huyu" kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Deni lako linabaki, na umempa yeye dai. Polisi nao watakuambia ni madai. Wakikubali kuwa wakusanyaji, anza kujiuliza kwa nini.

Vitu alivyoacha ndani, hasa godoro na masufuria, usiviuze. Andika orodha mbele ya mjumbe na jirani, piga picha, vihifadhi, kisha mwandikie aje kuvichukua. Mali aliyoiacha humpa sababu ya kurudi, na akirudi ndipo mnapokaa kuandika.

Kwa hali yako

Hukuwa na mkataba, ila anapokea simu: anza na hati ya kukiri deni, hata kama atalipa 20,000 tu mwanzo. Malipo ya kwanza kwa M-Pesa pamoja na sahihi yake vinageuza neno lako dhidi ya lake kuwa ushahidi.

Ana mshahara na anakuzungusha: barua ya madai ya siku 14, ikipita bila jibu fungua shauri mara moja. Kwa mdaiwa wa namna hii kuchelewa kwako ndiko kunakomnufaisha.

Mwanafunzi: zungumza na mzazi au mdhamini kabla hajamaliza mwaka wa mwisho. Baada ya mahafali kila mtu anarudi kwao na barua hazina pa kufika.

Fremu, deni la mamilioni, mdaiwa yuko fremu nyingine mjini: barua ya wakili, kisha mahakama. Ukizidi milioni 30 ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na hapo lipa wakili bila kujutia.

Mvuvi au mchuuzi aliyehamia visiwani, deni chini ya laki mbili: tafuta mtu wa mwalo anakoshukia, mtume na hati ya kusaini, mpangie awamu kwa giza. Ukishindwa ndani ya msimu mmoja, weka karatasi zako pamoja, andika tarehe ya mwisho ya ile miaka 6 mahali utakapoiona, na upangishe chumba.

Mdaiwa amefariki: usiende kwa mjane na daftari mkononi. Deni linadaiwa kwa msimamizi wa mirathi, naye akishateuliwa, mpelekee hesabu yako ya maandishi pamoja na vielelezo kabla mali haijagawanywa.